CD Iliyoishia Darajani

Mpaka leo ukiniuliza gemu zuri ni lipi, nitakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na nitakujibu kwa sauti kubwa. Ndivyo nilivyo, nina maoni. Gemu lenye maneno mengi kabla ya kuanza ni sawa na mgeni rasmi asiyemaliza hotuba huku pilau linapoa. Gemu la mpira ni la watu ambao uwanjani hawapewi pasi. Pedi nzuri ni ile ngumu kidogo, inayokirudisha kidole. Pedi laini inakudanganya tu kwamba unacheza. Na mashine ya gemu hailazwi mezani. Inanyanyuliwa juu ya viberiti viwili ipate kupumua, hasa huku kwetu Kyela ambako hata kuta zinatoka jasho.

Hayo nilikuwa nayasema huku nanyoa, na wateja waliyachukua kama yalivyo. Kinyozi mwenye televisheni ya rangi anaaminika. Mwaka huo wa 2000 saluni yangu, nyuma ya soko, ndiyo peke yake iliyokuwa na pleisteshen, na watu wasio na nywele za kunyoa walikuja kukaa kwenye benchi kusubiri zamu. Mzee Zebedayo, mwenye upara wa kung'aa, hakukosa hata Jumamosi moja. Alikuja kunyolewa ndevu tatu.

Kitu kimoja tu sina maoni nacho, nacho ni kile nilichomfanyia Salim. Hapo akili yangu inazunguka mpaka leo.

Salim alikuwa na duka la redio, kaseti na betri mtaa wa pili. Babu yake alitoka Kilwa, lakini yeye kazaliwa hapahapa, na Kinyakyusa chake kinakishinda changu. Tulianza kubishana darasa la tatu na hatukuwahi kuacha. Yeye alikuwa mtu wa magemu ya kaseti, zile unazichomoa, unapuliza, unarudisha, zinakubali. "CD ukiipuliza inakutazama tu," alikuwa akisema. Mimi nilikuwa nikimwambia kaseti ni mambo ya kwaya na taarabu, aniachie mimi mambo ya magemu. Haikupita siku bila kutafutana.

Mashine yangu aliniletea dada Damaris, mtoto wa mama mdogo. Damaris hununua mchele Busale na Ngana, anavuka nao mpakani Kasumulu, anauza Karonga kwa shangazi zetu na majirani zao, anarudi na chochote kinachouzika. Tangu biashara ya nje ifunguliwe, mfuko wake ungeweza kutoa kitu chochote, kuanzia pasi mpaka gitaa. Siku hiyo ulitoa pleisteshen ya mtumba na CD moja isiyo na kasha.

Lilikuwa gemu la mwindaji anayepita msituni kuutafuta mlima unaotoa moshi. Nililipenda palepale, maana halikuwa na hotuba. Tatizo ni kwamba sikuwa na ile kadi ya kuhifadhi pale ulipofika. Umeme ukikatika, mwindaji anarudi kijijini kwao kuanza upya, na umeme wetu ulikuwa haumalizi saa mbili. Wiki sita nzima sikutoka msituni.

Salim naye akanunua mashine yake. "Nataka nikubishie nikiwa na ushahidi," akasema. Akaniazima CD yangu, akakaa nayo wiki moja, akairudisha imefungwa kwenye gazeti.

"Nsajigwa, gemu lako tamu," akaniambia mlangoni. "Ila lina walakini."

"Walakini gani?"

Mteja akamwita kutoka dukani kwake. "Nitakuambia," akasema, akaenda, na hatukulizungumza tena.

Siku mbili baadaye umeme ulianza kutuheshimu mchana kutwa. Saluni ilijaa. Nikatoka msituni kwa mara ya kwanza, nikateremka bondeni, nikafika kwenye daraja la kamba lililo juu ya mto. Mwindaji akakanyaga ubao wa kwanza, kioo kikawa cheusi. Zikapita picha za magemu mengine tusiyoyajua, moja baada ya jingine, kisha tukajikuta kijijini, mwanzo kabisa.

Nilijaribu tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Kila nikikanyaga ubao, giza. Nikaongeza kiberiti cha tatu chini ya mashine. Nikaipangusa CD kwa dawa ya meno, namna ninavyofanya siku zote, na hapo ndipo nikaona maandishi madogo ya Kiingereza yaliyozunguka ukingo wake. Yalisema haiuzwi. Nikayasoma mara nne. Naapa sikuwahi kuyaona kabla. Kitu kisichouzwa kimefikaje kwangu, wakati Damaris alinunua?

"Hii siyo ile," Mzee Zebedayo akasema, akiinyanyua kwenye mwanga kama mtu anayekagua yai. "Ile ilikuwa inang'aa zaidi. Nani aliichukua?"

Benchi zima lilijua nani aliichukua.

Ijumaa nikaenda kwa Salim kumuuliza, kistaarabu kabisa. Hakuwepo. Alikuwa ameenda msikitini, na kama kawaida yake alikuwa ameacha mlango wazi, ufagio umelazwa juu ya viti viwili kuziba njia. Mtaa mzima ulijua maana yake: mwenyewe anasali, atarudi. Mtoto, mwizi, hata mbuzi wa jirani, wote waliuheshimu ufagio ule. Nikasimama nje. Na kwenye rafu, kando ya mashine yake, nikaona kasha lenye picha ya mwindaji na mlima unaotoa moshi.

Damu ikanipanda. Nikainama, nikapita chini ya ufagio. Nikafungua kasha, nikatoa CD, inang'aa, haina neno "haiuzwi" popote. Nikaweka ile ya kwangu mahali pake, nikapita tena chini ya ufagio, nikaondoka bila kukimbia. Kwa nini nikimbie? Nilikuwa nimechukua changu.

Alasiri hiyohiyo, mbele ya watu kumi na watatu, mwindaji alivuka daraja. Wee! Watu walisimama juu ya benchi. Ng'ambo kulikuwa na kijiji kingine, na watu wanaovaa magome ya miti, na mto wa pili. Nikasimamisha mchezo, nikageuka na pedi mkononi.

"Mmeona?" nikasema. "Salim alikuwa nayo. Alinibadilishia."

Ni maneno machache tu hayo. Nilikuwa nimesema maneno mengi zaidi kuhusu vitufe vya pedi. Lakini Zebedayo akakumbuka redio aliyonunua kwa Salim, iliyokoroma tangu siku ya pili. Mwingine akakumbuka betri. Mwingine akasema saa aliyopeleka kutengenezwa ilirudi nyepesi. Kufika jioni Salim hakuwa tena mtu aliyebadilisha CD, alikuwa mtu anayebadilisha vitu.

Kesho yake alikuja, akasimama mlangoni.

"Nsajigwa, uliingia dukani kwangu nikiwa msikitini?"

"Nilichukua changu."

"Ile nimenunua mwenyewe, Mbeya. Nililipenda gemu lako, nikalitafuta."

Ningeweza kunyamaza. Watu walikuwa wananitazama. "Risiti iko wapi?" nikasema, na benchi likacheka.

Salim hakuwa na risiti. Nani ana risiti ya kitu cha sokoni? Alinitazama kana kwamba nimemsemesha lugha asiyoijua, akaondoka. Baada ya hapo nikipita mtaa wa pili namwona amekaa peke yake, akipangusa redio ambazo hazikuwa na vumbi. Waliotaka betri walikwenda mpaka stendi. Nilijiambia hayo ni matokeo ya wizi. Kilichonichanganya ni kwamba gemu halikuwa tamu tena. Nilivuka mto wa pili na wa tatu, nikaupanda mlima wenyewe, na kila nilipofika mahali papya nilitamani mtu wa kuniambia nakosea.

Damaris alirudi kutoka Karonga baada ya wiki tatu. Aliingia na mfuko wake, akanisalimia, "Ugonile!", nami hata salamu sikuipokea vizuri, nikaanza kumsimulia habari ya Salim huku nikimnyoa mteja. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye maandishi.

"Yalikuwepo," akasema.

"Yapi?"

"Hayo ya haiuzwi. Yalikuwepo tangu Karonga. Mimi nilinunua mashine. Ile CD yule bwana alinipa bure, nyongeza."

"Kwa nini atoe bure kitu kizima?"

"Nani kakuambia kizima?" Akaingiza mkono mfukoni mwake, akatoa kifuko cha karatasi, akakifungua. Ulikuwa mchele, kiganja kimoja hivi. Harufu yake ikajaa saluni. "Nikienda kwa mteja mpya nampa huu. Anaupika, anaonja, akiupenda ananunua gunia. Simpi gunia aonje, nkamu, ndugu yangu. Na hicho kiganja siuzi. Nilidhani unajua. Wewe si ndiye mtaalamu?"

Nilizima mashine ya kunyolea. Mteja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, akaniuliza kuna nini. Nilikuwa najaribu kupanga mambo yale kichwani, yanakataa kukaa. Kama ile ya mwanzo ilikuwa ya kuonjesha, basi iliishia darajani tangu ilipotengenezwa. Basi walakini aliotaka kuniambia Salim ulikuwa huo. Basi hii inayong'aa aliinunua. Basi aliyepita chini ya ufagio ni nani?

Nilimpelekea CD siku hiyohiyo. Nilimweleza kila kitu, mchele na yote, nikiwa nimesimama nje ya mlango ingawa ufagio haukuwepo. Nilitegemea atukane. Alisikiliza, akachukua CD, akaiweka juu ya meza bila kuitazama.

"Nisamehe, Salim."

"Mimi ulinisema wapi?"

"Saluni."

"Basi kaseme saluni."

Jumamosi, benchi lilipojaa, nikazima televisheni. Hilo peke yake liliwanyamazisha. Nikasema Salim hakunibadilishia chochote. Nikasema CD yangu ilikuwa ya kuonjesha, yake aliinunua kwa pesa yake, na mimi ndiye niliyeingia dukani kwake akiwa anasali, nikamwibia. Nilitumia neno hilohilo, nikamwibia.

Mzee Zebedayo akatikisa upara wake taratibu, akatabasamu.

"Ndaga fijo, Nsajigwa," akanishukuru. "Una moyo. Siyo kila mtu angemfichia mwenzake hivyo."

"Simfichii! Nakuambia mwizi ni mimi!"

"Tumeelewa, mwanangu. Mmesoma pamoja." Akakonyeza benchi. "Amekuja kukulilia, siyo?"

Nikapiga kelele. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonionea huruma, mmoja akasema watu wema ndivyo wanavyoonewa mji huu. Sikuelewa. Watu hawa waliniamini niliposema viberiti viwili, waliniamini kuhusu pedi, waliniamini kwa maneno machache yasiyo na ushahidi. Sasa nawapa ukweli mzima, na wanaucheka kwa upole!

Wakati huo Salim alikuwa mlangoni. Sijui alifika saa ngapi wala alisikia kiasi gani. Akasalimia, akaitikiwa vizuri tu, "Karibu, Salim, karibu," akaja kukaa kwenye benchi kusubiri zamu ya kunyolewa, mara ya kwanza tangu yatokee yale. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nikachukua taulo safi, nikalikung'uta.

Mzee Zebedayo alikuwa anamsimulia habari za mvua ya Busale, kwa urafiki kabisa, bila kinyongo. Na huku anaongea, mkono wake ukashuka chini, ukakishika kikapu chake kilichokuwa kati yao wawili, ukakihamishia upande wa pili.