Sifuri Darajani

Mama yake Su-yun alikata roho sakafuni kwake, ukumbini, miguu ikielekea mlangoni kama desturi inavyotaka. Wodi ya mashine za kupumulia ilimrudisha nyumbani Xiluo akiwa amebakiwa na pumzi ya kuibia, muuguzi akimminyia mfuko wa hewa njia nzima, na mpira ulipotolewa kooni akaenda zake bila kelele. Majirani wakasema huyo kafa vizuri. Sarafu zikakataa.

Mama mdogo Kim ndiye aliyezirusha, mbele ya picha ya marehemu na ubani. Sarafu mbili: moja ikionyesha picha na nyingine namba, marehemu amekubali; zikifanana, amekataa.

"Dada, umeshafika nyumbani?"

Namba na namba. Akarusha tena. Picha na picha. Akarusha tena na tena, zikafanana.

"Hayupo," akasema. "Mwili tumeuleta, mwenyewe hayupo. Yun, si wewe uliyekaa naye kwenye gari la wagonjwa?"

"Ni mimi, Mama mdogo."

"Ulimwita? Kila kona, kila daraja?"

"Nilimwita," Su-yun akajibu.

Alimwita, ndiyo. Mama, tunatoka hospitali. Mama, tunakata kushoto. Aliona haya mbele ya muuguzi, msomi mzima anaongea na mtu asiyesikia, lakini aliita ili roho ijue njia. Tatizo lilikuwa daraja la mto Zhuoshui. Pale simu ililia.

Su-yun alikuwa mchumi wa afya, Taipei, mshauri wa kamati inayopendekeza bima ya taifa ilipie nini na iache nini. Na usimdhanie katili, tafadhali. Fungu ni moja, la watu wote, na yeye alizijua wodi zile: safu za vitanda, watu wasioamka mwaka hadi mwaka, wanaachwa pale kwa sababu bima inalipa na hakuna mtoto anayetaka kuwa yeye aliyesema basi. Huku kwenye vijiji vya milimani wazee wanaoza vidonda bila muuguzi wa kuwabishia hodi. Akapendekeza wasio na matumaini wasilipiwe tena, fedha zipande milimani. Ili hesabu isimame, kila siku ya uhai ilibidi ipewe uzito. Siku ya mtu mzima wa afya ni moja. Siku ya asiyeamka, aliyeipangia uzito ni Su-yun.

Simu ilitoka kwa Pan, katibu wa kamati. "Dada Su-yun, samahani sana, kikao kinaanza. Ule uzito wa watu wa mashine, tuuache vilevile?"

Gari lilikuwa juu ya mto. Kichwa cha mama yake kilikuwa karibu na goti lake.

"Sifuri," akasema. "Iache sifuri."

Alipokata simu, daraja lilikuwa limeisha.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Maji ya kunawa waliyomwekea marehemu kila asubuhi yalishinda pale na vumbi juu, kama maji ya mtu aliyesafiri. Paka hakukanyaga ukumbini. Na mchana kweupe, feni zikiwa zimezimwa, Su-yun alisikia mashine ikivuta na kushusha pumzi, fuuu, tsss, nyuma ya sikio lake. Aliogopa. Aliogopa hasa, na shahada zake zote hazikumsaidia kitu.

Mdogo wake, A-Tsai, akamkabili jikoni. "Dada, una jambo. Darajani ulimwambia nini?"

"Nilikuwa kwenye simu."

"Simu! Ya nani tena?"

"Ya kazini."

Akamweleza yote. A-Tsai ndiye aliyekataa mashine izimwe, ndiye aliyekuwa akimkanda mama miguu kila Jumapili. Hakupiga kelele, na hilo likamuumiza Su-yun zaidi.

"Kwa hiyo mama alisimama akusubiri umwite," akasema, "na wewe ukamwita sifuri."

Wakachukua koti la mama, ubani na zile sarafu, wakaenda na gari mpaka darajani. Malori ya kabichi yakapita yakiwapigia honi. Su-yun akapiga magoti ukingoni mwa daraja.

"Mama, nimekuja. Nisamehe. Twende nyumbani."

Namba na namba.

"Bado una hasira nami?"

Picha na picha.

"Sasa anataka nini huyu bibi?" A-Tsai akanong'ona, nusu kucheka, nusu kulia.

Ndipo Su-yun akaisikia tena ile pumzi, na safari hii haikuwa moja. Zilikuwa nyingi, kila moja na mwendo wake, vile unavyozisikia ukisukuma mlango wa wodi.

"Mama, hauko peke yako?"

Picha na namba. Amekubali.

"Uko na wale wote niliowaita sifuri?"

Amekubali.

"Na hutaki kuwaacha."

Amekubali, na sarafu hazikuyumba hata kidogo.

Su-yun akainuka, akafungua milango yote ya gari. "Haya, karibuni. Ingieni jamani, sogeleaneni." Akasubiri kidogo, akafunga mlango mmoja mmoja bila kuubamiza. "Tunashuka darajani. Tunakata kulia, asibaki mtu."

"Dada, gari limekuwa zito," A-Tsai akasema, akikanyaga mafuta.

"Endesha polepole. Umebeba wagonjwa."

Nyumbani Mama mdogo Kim akarusha mara moja tu: picha na namba. Akajifunika uso akalia. Hapo hapo simu ikalia, Pan tena.

"Dada, ile kura iliyoahirishwa inapigwa sasa hivi. Ule uzito nauthibitisha?"

"Usiuthibitishe."

"He! Sasa niandike ngapi?"

Su-yun aliwakumbuka wazee wa milimani, wanaongoja na wao.

"Sijui, Pan," akasema, akakata.

Toka jikoni A-Tsai akaita, mwiko mkononi. "Dada, chakula cha mama pale ukumbini niweke bakuli ngapi?"

Su-yun akasikiliza pumzi zilivyojaa ukumbi mpaka ukutani, akajaribu kuzihesabu, akashindwa.

"Toa zote," akamwambia. "Halafu ukaazime kwa jirani."