Tundu la Kwanza Lilikuwa la Tano

Oiva alilishika sanduku kichwa chini, akalisogeza karibu na dirisha, akalikagua kama mtu anayetafuta ufa kwenye kikombe alichokinunua mwenyewe. Kisha akaliweka mezani kwangu na kuniambia niendelee na kazi. Hakuniangalia usoni. Nilishajua tatizo lilikuwa nini.

Hapo ni Oulu, kaskazini mwa Ufini, theluji ikiyeyuka na barabara zikiwa tope tupu. Kampuni yetu ndogo ilitengeneza masanduku ya mtandao kwa viwanda vya kupasua mbao. Usoni mwa sanduku mlikuwa na matundu matano ya waya, yamechapwa namba. Ndani mlikuwa na bodi ya saketi, na kwenye bodi chipu moja iliyoyahudumia yote. Oiva ndiye aliyechora bodi. Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika faili la maelezo la kukiambia kiini cha mfumo, ile programu iliyo chini ya programu nyingine zote, kwamba tundu hili la chipu linatokea kwenye namba hii ya sanduku. Kiini hakina macho, kinaamini kile unachokiambia.

Chipu ilibandikwa upande wa chini wa bodi, lakini Oiva aliichora kana kwamba iko juu. Mtu mwingine akikosea hivyo utamcheka. Mchora bodi akikosea hivyo, hutamani ardhi impasukie. Tundu la kwanza la chipu likatokea kwenye namba tano ya sanduku, la pili kwenye nne, na kuendelea. La tatu peke yake ndilo lililobahatika. Masanduku yalikuwa yameshasafirishwa. Faili lisingelieleza hilo, fundi wa kiwandani angeagiza namba moja izimwe, na msumeno wa namba tano ndio ungepoteza mawasiliano.

Na sisi wa kazi hii tuna mwiko. Faili lile hueleza kilichopo kwenye bodi, si ulichotamani kiwepo. Likishapokewa ni shida kulibadilisha, maana masanduku yaliyo kazini yanalitegemea. Tena hupokewa hadharani, kwa kuwa kiini hutengenezwa na watu wa dunia nzima: unatuma kiraka chako, yaani badiliko unalopendekeza, kwenye baraza la barua pepe, wenzako wa nchi zote wanakichambua, na kila neno linabaki hapo kwa yeyote atakayetaka kulisoma.

Nilituma namba zikiwa zimepinduka kama zilivyo, bila maelezo. Aliyejibu ni Wietske, Mholanzi aliyekuwa mtunzaji wa sehemu ile ya kiini, mwenye kuamua kipi kipokewe, mwanamke asiyepoteza neno. Aliuliza kama nimekosea kuandika au ndivyo bodi ilivyo, na kama ndivyo, kwa nini.

Jouko, bosi wetu, alisema nijibu kwamba ni sababu za usanifu, yaishe. Nilimwunga mkono. Oiva alikuwa anastaafu mwezi wa Juni, na hiyo ilikuwa bodi yake ya mwisho. Miaka yote alitutania sisi wa programu kwamba tunaharibu leo ili tupate cha kutengeneza kesho, wakati bodi zake hazijawahi kurudi mezani. Alikuwa mkali na mbishi, nami nilimpenda. Sikutaka aage kazi huku watu aliowacheka wakilisoma kosa lake.

Nilikuwa katikati ya huo uongo wa adabu Oiva aliposimama nyuma yangu na kahawa yake, akausoma.

"Usanifu gani?"

"Oiva, acha tu. Nani atajali?"

"Huyo mama kauliza, si ndiye anayejali? Hebu nipishe."

Aliandika kwa vidole viwili: "Bodi nimechora mimi. Chipu iko chini, nikaichora kama iko juu. Faili la Marketta ni sahihi, bodi ndiyo yenye kosa." Akaweka jina lake, akatuma kabla sijamshika mkono. Siku ile hakumtania mtu, na mimi nikamkasirikia Wietske bure.

Jibu lilikuja kesho yake. Wietske alimshukuru. Alisema sasa atakayekuja baadaye hatadhani ni kosa la uandishi akajitia kulisahihisha. Akaniagiza niweke maneno ya Oiva ndani ya faili, juu ya orodha ya matundu, na jina lake chini ya kiraka, mahali ambapo desturi yetu huwaweka waliosaidia, kisha angekipokea.

Siku hizi nikipata wageni kazini huwafungulia faili hilo kabla ya jingine lolote. Wengi hucheka kwanza, halafu wanauliza Oiva ni nani.

Oiva mwenyewe, siku ile nilipomweleza agizo la Wietske, alidhani namfanyia mzaha.

"Wanaandika jina la aliyekosea?"

"La aliyesema ukweli, Oiva."

Aliinama akaisoma barua yenyewe. Kisha akampigia simu mkewe, Sanelma, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya saa za kazi.

"Ile bodi ya mwisho nimeikosea," akamwambia. Akasikiliza. "Ndiyo. Ndiyo hiyo iliyokuwa ikininyima usingizi."

Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi, akageukia dirisha ili nisimwone uso.

"Hapana, sasa sijambo. Usile peke yako, nakuja."