Kiti cha Utingo

Mwambie mwanaume achague jembe: atalinyanyua, ataushika mpini, basi, amemaliza. Mwambie achague trekta uone. Mume wa Mama Pacha alichagua trekta tangu kiangazi kikali mpaka mawingu yalipoanza kukusanyika, na muda wote huo hakuna aliyelala vizuri katika nyumba ile, maana hata usingizini mzee alikuwa anabadilisha gia.

Wala haikuwa anasa. Ng'ombe wao wa kulimia walikufa kwa ugonjwa, mmoja akamfuata mwenzake kana kwamba walipeana ahadi. Mgongo wa mzee ulikuwa umekwisha kwa kubeba mizigo, na mabega ya Mama Pacha yalimuuma kiasi kwamba kuvaa gauni tu ilikuwa shughuli. Wasipolima msimu huu hawali. Wasipokula, wanahamia mjini kwa binti yao, ambaye alishawatengea kichumba nyuma ya jiko, kisicho na dirisha, na kila akipiga simu aliuliza wanakuja lini. Mapacha walikuwa wawili; mmoja walimzika, huyu wa mjini ndiye aliyebaki. Alikuwa mtoto mwema, na hapo ndipo palipomtia Mama Pacha hofu, kwa sababu mtoto mbaya ungemkatalia na yakaisha. Yeye alitaka kufia pale pale kwake, penye kaburi la mwanawe na mlango unaofunguka nje kwenye hewa.

Mashamba yalikuwa mawili. La bondeni lilikuwa tambarare, udongo mweusi, ukitupa mbegu unageuka tu unakuta imeota. La juu, lililozunguka nyumba, lilikuwa mteremko na mawe, na kila mwaka mawe yaliongezeka, sijui yalikuwa yanazaana huko chini.

Basi, Fundi, yule mwenye gereji njia panda, alikuwa na mashine mbili za kuuza. Moja ni pawatila, kale katrekta ka magurudumu mawili ambako mtu anakashika mikono na kutembea nyuma yake. Ya pili ni trekta lenyewe, jekundu, kuukuu lakini limepakwa rangi upya, na magurudumu ya nyuma yanamfikia mtu kifuani. Pawatila Fundi alikuwa tayari kubadilishana kwa mbuzi wao wote. Trekta jekundu alilitakia shamba la bondeni.

Mama Pacha alikwenda kuziona kwa macho yake. Akaishika ile pawatila, akaisukuma, akaiona inageuka pale pale iliposimama. Akauliza kama inapanda mlima. Fundi akasema hiyo inapanda kama mbuzi. Mama Pacha akamwambia mumewe kwamba yeye kwake maneno yamekwisha, wachukue hii, bonde libaki, mbuzi watapatikana wengine. Hata mtoto angeona.

Mumewe aliizunguka ile mashine mara ya kwanza, akaizunguka tena. Kisha akauliza, "Kiti chake kiko wapi?"

Fundi akacheka. "Haina kiti, mzee. Unatembea nayo."

Sasa hapo lazima umjue mtu huyu. Maisha yake yote alikuwa utingo wa malori, yule msaidizi wa dereva anayepanga mzigo, analala juu ya magunia, na gari likisimama mlimani anaruka chini kuweka jiwe nyuma ya gurudumu lisirudi. "Utingo, jiwe!" Ndilo neno alilosikia kuliko jina lake, mpaka kijiji kizima kikamwita Utingo na yeye akaitika. Madereva walimwahidi kumfundisha gari, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alistaafu au alikufa na ahadi yake. Alizeeka akiwa hajawahi kukalia kiti cha mbele upande wa usukani. Sasa wanamletea mashine ya kutembea nyuma yake, kama alivyotembea nyuma ya ng'ombe, kama alivyokimbia nyuma ya malori.

Hakusema hayo. Alisema pawatila ni kichezeo, haina nguvu, itakufa msimu mmoja. Alisema trekta kubwa litawalimia hata majirani, na kwa lile wataishi kifalme. Mama Pacha alimjua, akaelewa kwamba anayesema ni makalio, siyo akili. Walikasirikiana. Kwa siku kadhaa chai ilinywewa kimya, kila mtu na kikombe chake na ukuta wake.

Mwishowe Fundi, mjanja yule, akasema maneno ya nini, lijaribuni. Akaliteremsha trekta jekundu mpaka bondeni, kwa kuwa ndiko kuliko na njia pana, akafunga plau, akampandisha Utingo kitini na yeye akasimama pembeni akimwelekeza. Watu wakajaa kandoni mwa shamba. Injini ikanguruma, plau ikazama, na udongo mweusi ukaanza kugeuka, mstari baada ya mstari, laini, unang'aa. Kazi ambayo Mama Pacha angeifanya kwa wiki na kuugua ilikwisha huku watu bado wanasalimiana. Alijikuta analia. Aliitazama mikono yake, akafikiri, jamani, kumbe ingewezekana kupumzika.

Katikati ya furaha hiyo likampitia wazo, wazi kabisa: hapa tunapolijaribia ndipo tunapompa Fundi. Trekta tutabaki nalo, bonde hatutabaki nalo. Twende tukalijaribie juu.

Akafungua mdomo. Wakati huo huo trekta likageuka mwisho wa shamba, na mumewe akamwona. Alikuwa anacheka, meno yote nje, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine hewani akimpungia. Mama Pacha hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu walipomzika pacha. Akafunga mdomo. Naye akapunga.

Mwenyekiti wa kijiji akaja kushuhudia, vidole gumba vikabonyezwa kwenye karatasi, bonde likawa la Fundi.

Mvua ya kwanza ilipolainisha ardhi, Utingo alivaa shati la kutokea na kulipandisha trekta shamba la juu. Plau iligonga jiwe, ikaruka. Akarudi nyuma, akajaribu upande mwingine, ikagonga, ikapinda. Magurudumu yakaanza kuteleza, lote zima likainamia upande wa bondeni, na gurudumu moja la nyuma likaachana na ardhi kabisa. Mzee akakanyaga breki, zikashika nusu nusu, macho yamemtoka.

"Mama Pacha, jiwe!"

Akakimbia. Alikokota jiwe kwa mabega yale yale mabovu, akaliweka nyuma ya gurudumu, trekta likatulia. Mumewe akateremka taratibu. Hawakutazamana. Yale mawe ambayo kwa miaka yote walikuwa wakiyatukana ndiyo yaliyomwokoa, lakini hakuna aliyekuwa na hamu ya kulisema hilo.

Mama Pacha alikwenda gereji siku ile ile, peke yake, na matope miguuni. Alimwomba Fundi warudishiane. Hakumtukana, alimwomba. Fundi alimpa kigoda akae, akasema anamwonea huruma, lakini mbegu za bondeni ameshazileta, na pawatila imeshakwenda na mtu mwingine. Kisha, kwa upole kabisa, akauliza kama mzee anaweza kumlimia lile bonde, yeye atatoa mafuta na magunia machache wakati wa mavuno. Nani mwingine hapa ana trekta?

Mama Pacha alidhani mumewe atapandwa na hasira. Mzee alinyoa ndevu.

Kwa hiyo siku bonde lilipolimwa, Mama Pacha alikuwa juu na jembe lake, akichokoa vishimo katikati ya mawe. Alipiga, akapumzika, akapiga. Chini alimwona mumewe akienda na kurudi, mgongo umenyooka, mistari imenyooka. Kila akifika mwisho alipunga mkono. Mwanzoni Mama Pacha alimjibu. Baadaye mkono ukawa haunyanyuki tena, siyo kwa hasira, bega lilikataa tu. Akakaa chini kando ya kaburi la mwanawe. Vishimo alivyochimba vingejaza kikapu, siyo ghala, majirani nao wako kwenye mteremko ule ule wa mawe, mbuzi hawangewavusha mwaka, na magunia ya Fundi yangekwisha kabla ya kiangazi kuanza. Hesabu hiyo haikuhitaji shule.

Jioni mzee alirudi na trekta, akaliegesha juu mbele ya nyumba, akaingia ananukia dizeli.

"Ule udongo, Mama Pacha, hauna mfano," alisema. "Plau inaingia yenyewe. Yule bwana ana shamba."

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, mikono bado imejikunja kana kwamba imeshika usukani. Mama Pacha alimmiminia chai. Alitaka kumwambia mengi, mengine ya kumchoma, lakini alikumbuka kwamba naye alikuwepo pale bondeni, na alikuwa na mdomo.

"Mpigie mwanao," alisema. "Mwambie asafishe kile chumba."

Mzee alisukuma kikombe kando. "Na trekta?"

"Litabaki hapo lilipo. Breki zake si unazijua."

Mzee akainuka. Mama Pacha alimsikia nje akitembea gizani kidogo kidogo, akiinama, akiguna kwa mgongo, akichagua. Lilisikika jiwe likiburutwa, kisha likasukumwa kwa mguu mpaka likakaa. Hapo alikuwa na uhakika trekta halitarudi nyuma, kwa sababu kazi hiyo mumewe aliijua vizuri sana.