Tangazo Likija Ukiwa Hewani

Saa ya mapumziko, karani wa mapokezi hufungua kompyuta ya ofisi na kucheza mchezo mmoja tu wa mtandaoni: mtu mfupi mnene, ambaye yeye humwita Kibonge, anaruka kutoka paa hadi paa. Hakuna cha kupakua wala maelezo ya kusoma. Unabonyeza kitufe, anaruka. Akianguka, kufumba na kufumbua yuko pale pale alipoangukia, tayari kwa safari. Kila akitua inalia kengele ndogo, na kengele hiyo humpa karani raha ambayo hajawahi kuipata katika kikao chochote.

Jumanne moja Kibonge alianguka kwenye shimo la sita kati ya paa na paa, akatokea chini ya kibodi akijikung'uta magoti. Kimo chake kilikuwa cha stepla. Karani alisogeza kikombe cha chai, mgeni asije akaungua.

"Dada, mara tano nimeanguka kwa sababu umechelewa kubonyeza, sina neno," alisema. "Lakini leo umebonyeza vizuri, tangazo la sabuni likaja nikiwa hewani. Huo ni uonevu."

Karani alimwomba radhi, ingawa sabuni haikuwa yake. Mama wa mihuri, anayekaa meza ya pili, alisema tu kwamba mgeni asikanyage pedi ya wino.

Mezani palikuwa na barua. Kibonge aliisoma kwa kutembea juu yake, mstari kwa mstari. Ilimtaka karani aanze upya miezi sita ya majaribio kazini, na ilikuwa ya kumi na moja ya aina hiyo. Karani aliitamani ile nyingine, ya kumthibitisha, hata alishainunulia fremu na kuitundika ukutani ikiwa tupu.

"Ulianguka wapi?" Kibonge aliuliza.

"Sijaanguka."

Kibonge alifikiri kidogo. "Basi na wewe umewekewa tangazo."

Ijumaa Kibonge alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi kuulizia barua hiyo, akiruka kabati hadi kabati. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, akamwelekeza dirisha namba tatu. Namba tatu wakamrudisha kwa mkurugenzi. Walimpiga danadana hadi saa kumi, akarudi na wino miguuni. Karani aliumia, kisha akamfuta nyayo kwa kitambaa cha miwani.

Siku hizi tangazo likija, Kibonge hutoka, hupanda ukutani, hukaa kwenye ile fremu hadi liishe, kisha hurudi hewani pale pale alipokuwa. Mchezo umekuwa mtamu kuliko zamani.

Barua ya kumi na mbili ilipofika, feni iliipeperusha. Kibonge alisimama kwenye kona ya barua ili isipeperuke tena, karani akaisaini palipoandikwa "nimekubali kuanza upya". Halafu wakaruka shimo la kumi na nne, ambalo hawakuwahi kulifikia. Kengele ikalia, mama wa mihuri akapiga makofi, na karani akacheka hadi chai ikamwagika.