Asiyekuwa Kwenye Orodha

Tangu basi liondoke saa kumi na mbili asubuhi, kiongozi wa msafara alikuwa amegeuka nyuma mara tisa, na kila mara alijifanya anaangalia kama madirisha yamefungwa vizuri. Madirisha hayakuwa na neno. Shida ilikuwa imekaa kiti cha mwisho kabisa, pembeni ya katoni za maji ya kunywa, imevaa shati lililopigwa pasi na kofia ya kitambaa, inatazama nje kwa furaha ya mwanafunzi aliyetoroka shule. Shida hiyo ilikuwa baba yake mzazi.

Orodha aliyopewa na ofisi ilikuwa na watu ishirini na wawili, walimu wastaafu watupu, waliochangishana kwa mwaka mzima ili waitembelee miji ya kale ya pwani pamoja na majabali na mapango yake. Baba hakuwamo. Na kampuni ilikuwa na sheria moja ambayo bosi aliipenda kuliko chai yake ya asubuhi: hakuna kupakia ndugu. Mwezi uliopita mwenzake mmoja alimpakia shemeji yake, mwendo wa nusu saa tu, na kesho yake akaambiwa arudishe sare na kitambulisho. Kiongozi wetu alikuwa mwanamke, na mshahara wake ndio uliokuwa unaendesha nyumba. Sasa niambie angekosaje kugeuka nyuma.

Lakini angefanyaje? Mdogo wake, ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yake kukaa na mzee, alipiga simu alfajiri kusema ameitwa kazini. Na mzee si wa kuachwa peke yake. Si kwamba aliumwa au alisahausahau. Akili zake zilikuwa timamu kuliko za wanawe wote wakijumlishwa. Ila alikuwa amefanya kazi ya uashi kwa miaka arobaini na sita, na mikono yake ilikataa katakata kustaafu. Mara ya mwisho alipoachwa alikutwa juu ya paa la jirani, na miaka yake sabini na minane, anaziba ufa ambao jirani mwenyewe hakuwa na habari nao.

Kwa hiyo waliwekeana masharti gizani, mlangoni, kabla hawajatoka.

"Baba, ndani ya basi hatujuani. Usiniite mwanangu. Usinifuatefuate. Tukishuka, wewe shuka wa mwisho. Tukirudi, rudi wa mwisho. Mtu akikuuliza, wewe ni abiria."

"Abiria wa nani?"

"Abiria tu, Baba. Nakuomba."

Mzee alimtazama kidogo, akafunga kifungo cha shati. "Haya. Sikujui," alisema, na akacheka peke yake.

Dereva alijua, maana madereva hujua kila kitu. Jina lake la kazini lilikuwa Breki, kwa vile alizikanyaga hata barabara ikiwa nyeupe. Yeye alitikisa kichwa tu, akasema hajaona mtu.

Mji wa kwanza ulikuwa wa vichochoro vyembamba, milango mizito ya mbao na madirisha ya nondo. Kiongozi alikuwa ameuzungumzia mji huo mara mia, lakini siku hiyo maneno yalimchanganyikia. Alisema kuta zile zimejengwa kwa mawe na udongo, na papo hapo akasikia kikohozi alichokifahamu tangu utoto.

"Chokaa," ilisema sauti ya nyuma. "Ingekuwa udongo, hapa tungekuwa tunaangalia kichuguu."

Walimu waligeuka wote kwa pamoja. Mwalimu wa jiografia, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, alifurahi kweli. "Mzee, umejuaje?"

"Nimeona tu," mzee alijibu, akaubandika mkono wake ukutani kama mtu anayempima mtoto homa.

Toka hapo mama yule hakumwachia. Kila penye ukuta alimvuta amweleze, na mzee alieleza, tena kwa raha. Kiongozi aliongeza mwendo ili awatenganishe. Penye ngazi ya jumba la makumbusho alijikwaa kidogo, na mzee akapaza sauti, "Mwana—" kisha akajikata mwenyewe. "Mwangalieni kiongozi asianguke," alimalizia, na akakiinamia kiatu chake ambacho hakikuwa hata na kamba.

Kila walipopanda basi, kiongozi alihesabu kama alivyozoea, jozi baada ya jozi, akigusa migongo ya viti toka mbele kwenda nyuma. Jozi kumi na moja. Watu ishirini na wawili, safari iendelee. Miaka sita alikuwa hajakosea hata mara moja, na aliihesabu orodha yake hata usingizini.

Walisimama juu ya majabali, wakaona bahari inavyojipigiza huko chini na ndege weupe wanavyochezea upepo. Walimu walipiga picha. Kiongozi hakuona bahari wala ndege. Aliona baba yake amesogea ukingoni kuchunguza namna mwamba ulivyopasuka, na yeye hana ruhusa ya kumwita. Alimwomba Breki akasimame karibu naye, ajifanye anavuta sigara. Breki hakuwa mvutaji, akasimama na kijiti mdomoni.

Mchana walifika kwenye ngome. Ilikuwa juu ya kisiwa kidogo, hatua kama mia moja kutoka ufukweni, na maji yakipwa hutokea njia ya mchanga inayopitika kwa miguu. Upande wa nchi kavu palikuwa na kibanda cha mlinzi, kengele, na daftari la kuandika waliovuka na waliorudi.

"Saa tisa kamili njia inafunga," mlinzi alionya. "Maji ya hapa hayana adabu. Yanakuja kutoka pande mbili."

Kiongozi aliandika: watu ishirini na wawili na kiongozi mmoja. Mzee alipita nyuma kabisa, akiwa ameinua suruali, na mlinzi hakumjali.

Saa tisa kasoro robo kengele ililia. Walimu walirudi wakilalamika kama wanafunzi waliokatishwa mapumziko. Kiongozi alisaini daftari: ishirini na wawili wametoka. Akapanda, akahesabu viti vya walimu bila kufika kiti cha nyuma. Jozi kumi na moja. Kichwani alikuwa na mvua inayojikusanya, na pango walilobakiza kuliona, ambalo hufungwa saa kumi na moja, na simu ya ofisi iliyokuwa imeita mara mbili. Saa tisa kamili Breki aliliwasha gari. Na kwa mara ya kwanza siku ile, kiongozi hakugeuka nyuma.

Walikuwa wamekwenda dakika ishirini mama wa jiografia alipoinua mkono. Walimu hawa, hata ndani ya basi, walinyoosha mkono kabla ya kusema.

"Kiongozi, yule mzee wa kiti cha nyuma kashukia wapi? Nimemmenyea chungwa."

Aligeuka. Katoni za maji zilikuwepo, kiti kilikuwepo. Na hapa ndipo alipofanya jambo ambalo hadi leo hajajisamehe. Watu ishirini na wawili walikuwa wanamtazama, kazi yake ilikuwa inaning'inia, na mdomo wake ukajibu kabla yake.

"Yule si wa kundi letu, Mwalimu. Alipewa lifti tu."

"Aa," mama alisema, akabaki ameshika chungwa.

Kiongozi alikaa. Alijiambia mzee ana busara, atakaa juu ya ngome, ngome haijawahi kuzama. Kisha akajijibu: huyo mzee akae? Huyo aliyeshindwa kukaa hata sebuleni? Ataliona basi linaondoka, atainua suruali, ataingia. Na hajui kuogelea. Maisha yake yote aliyamaliza juu ya majukwaa ya ujenzi. Tena alibaki nyuma kwa sababu aliambiwa abaki nyuma. Rudi wa mwisho, Baba. Alimwambia kwa mdomo huuhuu.

Aliinuka, akamshika Breki bega. "Geuza."

Breki hakuuliza. Alikanyaga breki, safari hii kwa haki, na vichwa ishirini na viwili vikaenda mbele vikarudi.

"Samahanini," kiongozi alisema kwenye kipaza sauti. "Tumesahau mtu kwenye ngome."

"Mbona tumetimia?" aliuliza mmoja wa walimu wa hesabu, na basi zima lilikuwa na watatu wa namna hiyo. "Umetuhesabu mbele yetu. Na pango je? Tumelilipia."

"Mtu yuko majini, wewe unauliza pango?" mama wa jiografia alimkaripia. "Kaa chini!" Mwalimu akakaa.

Barabara ile ilikuwa ileile, lakini ilirefuka. Lori la mchanga lilijiburuza mbele yao, na Breki hakupata pa kulipita. Simu ya ofisi iliita tena. Gari lilikuwa na kifaa cha kuonyesha lilipo, na ofisini walikwisha kuliona limegeuza. Kiongozi aliizima sauti. Alikuwa anamwona baba yake kila mahali ambapo hakutaka kumwona.

Saa tisa na dakika hamsini walifika. Njia ya mchanga haikuwepo tena. Mlinzi alitoka kibandani na daftari lake mkononi.

"Kule hakuna mtu, dada. Umesaini mwenyewe: ishirini na wawili wametoka."

"Hujaona mtu yeyote?"

"Nimeona mmoja katikati ya maji pale. Nikadhani ni wa kuokota chaza. Wale huwa hawaitwi wakaitika."

Kiongozi alitazama alikoonyeshwa. Katikati kabisa, kati ya ufukwe na kisiwa, palikuwa na jiwe bapa lililobaki nje ya maji, si kubwa kuliko meza ya chakula. Juu yake alisimama mzee wima, viatu mkononi, soksi za kijivu miguuni, kofia kichwani, na mawimbi yanamlamba miguu kwa zamu, kushoto na kulia.

"Baba!" alipiga kelele. "Baba, usitoke hapo! Baba yangu!"

Sasa walimu wote nyuma yake walijua, na wala hakuwa na nafasi ya kujali.

Breki alikwisha kuleta kamba ndefu ya kufungia mizigo. Walimfunga kiongozi kiunoni, na wenye nguvu wakaishika, yule wa pango akiwa wa kwanza. Mlinzi alikimbilia boya lake. Kiongozi hakumsubiri. Maji yalimfika magotini, mapajani, kisha yakampita kiuno na kumsukuma ubavuni, akapoteza mguu mmoja, akaupata. Sare ya kampuni ilijaa maji ikawa nzito kama gunia. Hakuyatoa macho yake kwenye zile soksi za kijivu juu ya jiwe.

Alipolishika jiwe, alimshika na mzee miguu yote miwili, akaikumbatia. Miguu ilikuwa ya baridi na inatetemeka.

"Nilichelewa kwenye ufa wa ukuta, nikashuka maji yameingia. Nilijaribu kuvuka mara moja," mzee alisema, kama anayetoa taarifa ya kazi. "Yakanifika hapa, nikaona nisifanye ubishi na maji. Nikarudi jiweni."

"Baba, mlinzi yuko pale! Anasikia ukimwita! Alikuona, akadhani unaokota chaza! Kwa nini hukupiga kelele?"

Mzee alitazama ufukweni, walikosimama wale watu wote na basi lenye jina la kampuni ubavuni.

"Angeuliza nimekuja na nani," alisema.

Kiongozi alilia hapohapo, kwa sauti, maji ya bahari yakimpiga mgongoni. Karibu saa nzima baba yake alisimama akiangalia maji yanapanda, msaada uko umbali wa kuita, akachagua kunyamaza. Kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya mtu aliyesema si wa kundi letu.

Mlinzi alifika na boya. Walimfunga mzee katikati yao, wakavutwa taratibu hadi nchi kavu, na walimu wakampokea kwa mashuka na vitenge vyao. Mama wa jiografia alimkalisha kwenye ngazi ya basi, akaanza kumsugua mikono huku anamgombeza yeye na bahari kwa pamoja. Kiongozi alisimama kando, maji yanamchuruzika, akatoa simu kwenye pochi aliyokuwa amemwachia Breki. Ilikuwa inaita. Bosi.

Angeweza kusogea mbali. Angeweza kusema tairi. Badala yake alikwenda akakaa kwenye ngazi ileile, bega kwa bega na mzee, akapokea.

"Ndiyo, nimegeuza gari," alisema, wala hakushusha sauti. "Nilimpakia baba yangu, bosi, kisha nikamwacha kwenye ngome, maji yakamzingira. Tena nilipoulizwa nilimkana."

Upande wa pili bosi alianza kufoka. Mzee alikuwa anakamua soksi zake. Aliposikia lile neno la mwisho mikono ilisimama, soksi ikabaki inadondoka maji kwenye vidole vyake, na kwa muda mrefu hakumwangalia binti yake.