Maziwa Kwenye Breki za Afisa

Gari la Bwana Afisa lilifikishwa kwa Dubow fundi likisukumwa na askari wawili, nalo halikuwa na kasoro nyingine isipokuwa breki. Ukikanyaga pedeli ilizama mpaka sakafuni, na haikuwa na haraka ya kurudi. Lilikuwa gari dogo jeusi, urithi wa Mzungu aliyekalia ofisi ile kabla ya uhuru, lenye breki za sahani magurudumu yote manne. Garissa nzima magari mengine yalikuwa na breki za ngoma, kwa hiyo watoto walikuja kuchungulia zile sahani wakidhani ni za kulia chakula.

Afisa alisema analitaka kabla ya alasiri. Anakwenda Balambala, na breki zikishika atarudi na mama Abshiro kwenye kiti cha nyuma. Alilisema kama mtu anayeahidi kurudi na gunia la mkaa.

Kinsi, mke wa Dubow, alisikia akiwa mlangoni, na tangu hapo hakukalika. Abshiro ni mamake. Mwaka uliopita Afisa alimchukua kaka yake Kinsi, Nuh, kisimani pamoja na ngamia wake wote, kwenda kuhojiwa. Baadaye ilitangazwa kwamba Nuh ametorokea porini kwa waasi wa shifta na ngamia amekwenda nao. Mama wa shifta hakai mjini, kwa hiyo bibi wa watu akafungiwa Balambala, ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge, akila unga wa mgao. Kinsi alikuwa amemwona mara moja tu, kupitia waya, naye mama alikuwa amekonda hata pete ilikuwa ikimvuka kidoleni.

Dubow alianza kutafuta ugonjwa. Akapapasa mipira ya breki mmoja mmoja, mikavu. Akatazama pedi, bado nene. Sahani hazikupinda, wala raba za masta, pampu inayosukuma mafuta, hazikuliwa. Basi ni upepo, akasema, umeingia kwenye mabomba, na upepo hutolewa kwa watu wawili. Kinsi akaketi nyuma ya usukani na buibui lake, akawa anapampu pedeli na kuikandamiza, naye Dubow akalala chini kwenye gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta. Alivisha nipeli, kichuchu cha kutolea upepo, kimpira, ncha yake akaizamisha ndani ya chupa ya jemu yenye mafuta ya breki. Mke anakandamiza, mume anafungua, kisha anafunga kabla mguu haujaachia.

Yalitoka mapovu. Yakafuata mafuta meusi. Kisha yakatoka maziwa.

Yalikuwa na vuguvugu na povu juu, yakajaza chupa upesi. Dubow alimwomba mkewe ashuke alete sufuria. Alipoileta, Dubow alionja kwa kidole.

"Ni ya Gorayo," akasema.

Gorayo alikuwa ngamia wa Nuh, mwenye maziwa ya chumvichumvi kwa kupenda vichaka vya upande wa Ijara. Hakukubali kukamuliwa na mtu mwingine. Kama Nuh hakusimama ubavuni pake akimwimbia, hakuteremsha hata tone.

"Basi Nuh yumo humu pia," Kinsi akasema.

Dubow alijifuta mikono. "Aliye hai haingii kwenye bomba la breki, abaayo wangu."

Kinsi alilia kidogo, kichwa kwenye usukani, kisha akarudisha mguu kwenye pedeli. Walikamua magurudumu mawili, ndipo akataka waache. Ngamia ana chuchu nne, mbili za watu na mbili za ndama wake. Kwao hakuna aliyewahi kuzimaliza zote. Dubow alimwambia kwa upole kwamba ukiacha upepo kwenye magurudumu mawili, gari halisimami. Wakabishana mpaka jua likawa utosini. Mwishowe Kinsi alikandamiza, lakini alimwomba ndama radhi kila mara.

Kwenye gurudumu la mwisho mafuta yalitoka safi, na pedeli ikawa ngumu. Hapo Dubow alibaki chini ya gari muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Spana ilikuwa juu ya nipeli. Angeilegeza kidogo tu, mteremko wa mtoni ungemalizana na Afisa. Alimchukia mtu yule mpaka meno yakamuuma. Lakini gari lingerudi na mama ndani. Akakaza nipeli, akajaribu tena kwa mkono, akatoka.

Maziwa hayamwagwi, na mama hatumiwi gari bila kitu ndani. Kinsi alifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto kama inavyopasa, akayatia. Dubow alisita, akisema mama akionja atamjua Gorayo. Kinsi akamwambia kwamba mama amekula unga wa mgao mwaka mzima, ulimi wake umeshakufa ganzi; mwache anywe tu, apate nguvu ya safari.

Afisa aliuliza kibuyu kina nini.

"Ni maziwa ya kupa mama, bwana mkubwa," Dubow akasema kwa Kiswahili chake cha Kisomali. "Ilitoka kwa breki. Ubebo nimetoa yote."

Afisa aliitikia kwa kichwa, akakiweka nyuma, akaondoka.

Alirudi kabla ya magharibi. Gari lilisimama mlangoni, mahali hasa alipotaka. Nyuma palikuwa na kibuyu kitupu.

Alieleza bila hasira. Bibi alishatoka langoni na furushi lake, mguu mmoja tayari ndani ya gari, Afisa alipompa kibuyu. Bibi alipiga funda moja, akautoa mguu, akaketi mchangani. Akawaambia kijiji kizima kwamba mwanawe amekufa, yeye na ngamia wake, na akamtaja aliyewaua. Wanawake wote wakalia naye. Mtu wa maneno kama hayo hawezi kuletwa mjini.

"Mlimzika wapi?" Kinsi akauliza.

"Nuh yuko porini na ngamia wake," Afisa akasema. Masharubu yake yalikuwa meupe, maana njiani alimalizia kile kibuyu, na aliyasifu maziwa.

Kinsi alijitanda, akatandika mkeka uani. Majirani wakaanza kutoka majumbani kuja kumpa pole. Afisa akasema mtu aliye porini hafanyiwi matanga, akaingia garini kwenda kuwarudisha ndani. Dubow alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Gari lilisimama kwa kina Osob, likasimama kwa Mursal, likasimama kila penye mlango uliofunguliwa, na breki hazikulia hata mara moja.