Mwendo wa Bwana Pascoe

Glenys Tranter alilipigia piano kundi lile la vijana wachezaji wa dansi ya baleti, pale Launceston, kwa miaka kumi na minne, na mitatu ya mwisho aliipiga kwa chuki. Hakuna aliyejua. Alifika saa mbili unusu asubuhi, akavua glavu, akapasha vidole moto kwenye hita, akamsalimu kila mtu kwa jina lake. Vijana walimpenda. Leith Pascoe, mkurugenzi, alizoea kuwaambia wageni kwamba mpiga piano wake ni mama mpole, hana neno na mtu.

Vijana walikuwa ishirini, wa miaka kumi na sita hadi kumi na tisa, waliomaliza masomo ya baleti na sasa wakisubiri kuchukuliwa na makampuni makubwa ya Melbourne, Brisbane na ng'ambo. Kila mmoja alikaa pale mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo ama amepata kazi, ama anarudi kwao. Nani awekwe mbele wakuu wa makampuni wanapokuja kutazama, aliamua Pascoe peke yake.

Carys, binti yake Glenys, aliwahi kuwa mmoja wao. Akiwa na miaka kumi na minane hakuna aliyemshinda kuruka. Kisha Julai moja mguu wa kulia ukaanza kumuuma. Alipomwambia Pascoe, akajibiwa kwamba hakuna mchezaji asiyeumwa, na anayetaka kubembelezwa akafuge paka.

Wiki iliyofuata walikuwa mazoezini, na Carys anacheza peke yake sehemu ya kuruka. Glenys hakuhitaji kumtazama. Aliyasikia matuo yake sakafuni, na mguu wa kulia ulikuwa unatua kama gunia. Akapunguza mwendo wa muziki kidogo, mtoto apate kupumua.

Pascoe akapiga makofi mawili, muziki ukakatika.

"Bi Glenys, mwendo ni ule ulioandikwa. Humu ndani wewe si mama yake."

Carys aligeuka akautazama upande wa piano. Glenys akainamisha macho kwenye karatasi, akapiga kama ilivyoandikwa. Kwenye mruko wa tatu mfupa ulilia kama ukuni mkavu.

Walimpasua mara mbili, na bado mguu ukaunga vibaya. Pascoe alipeleka kadi na maua, kisha akaiambia kamati inayosimamia kundi kwamba msichana alificha maumivu yake. Wakaamini, maana wachezaji kuficha ni kawaida yao. Carys akapata kazi kwenye kitalu cha miche nje ya mji, akawa anatembea huku anavuta mguu.

Dada yake Glenys alimuuliza anawezaje kukaa chini ya paa moja na mtu yule. Akajibu kwamba akiwa na miaka hamsini na tisa hapati kazi nyingine. Hilo lilikuwa kweli, ila si lote. Alikuwa anangoja, na alichokuwa anakingoja hakukijua mpaka Pascoe alipomletea mwenyewe.

Kundi lilitimiza miaka thelathini. Pascoe, naye ana hamsini na sita, akatangaza kwamba siku ya onyesho, mbele ya wakuu wa makampuni matatu na wafadhili wote, ataifungua shughuli yeye mwenyewe kwa ngoma iliyompa jina ujanani. Dakika nne, na nusu yake ni kuruka.

Siku ya kwanza ya mazoezi, Glenys alimpunguzia mwendo bila kuombwa. Pascoe aliupokea kama haki yake, hakusema kitu. Siku ya pili akapunguza tena, na ya tatu tena. Kwa wiki sita alimlea namna hiyo kama anayelea mtoto wa kifalme. Pascoe akarudi kujiona kijana. Akawa anawasimamisha vijana ukutani wamtazame, akiwaambia kwamba mwili unaotunzwa hauzeeki. Glenys alitikisa kichwa kuafiki, akafungua ukurasa mwingine. Nyumbani, kila jioni, aliketi na kile kisanduku cha kupimia mwendo kinachogonga tik tik, akaipiga ngoma ile ile kama ilivyoandikwa, tena na tena, mpaka vidole vyake havikuhitaji kisanduku.

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Ukumbi ulijaa. Glenys alianza taratibu kama kila siku, na Pascoe akatoka nyuma ya pazia akitabasamu, kifua mbele, suruali mpya imembana. Walipofika kwenye kuruka, akampa mwendo ulioandikwa. Hakuuzidisha hata chembe.

Mruko wa kwanza ulimkuta Pascoe bado anapiga hatua. Akageuka akautazama upande wa piano. Glenys alikuwa na macho yake kwenye karatasi. Mkurugenzi angeweza kusimama, akainama kwa heshima, akatoka. Lakini huyo asingekuwa Pascoe. Akaukimbiza muziki. Wa pili alichelewa, wa tatu akatua vibaya, msuli wa kigimbi ukachanika, akaenda chini kwa goti na kiganja. Glenys akaendelea kupiga mpaka mstari wa mwisho, naye mkurugenzi yuko pale sakafuni, muziki unampita juu. Mtu mmoja katikati ya ukumbi akapiga makofi ya huruma. Makofi yale yalimwingia Glenys rohoni kama chai ya moto siku ya baridi.

Nyuma ya pazia walimlaza na barafu mguuni, vijana wamemzunguka. Akamwita Glenys.

"Umenifanyia makusudi," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimepiga kama ilivyoandikwa, Bwana Pascoe. Si ndivyo unavyotaka?"

Pascoe akataka mwenyekiti wa kamati aitwe. Bi Dunstan akaja, akaitazama karatasi, akauliza kwa upole kama kulikuwa na makubaliano ya kumpunguzia mwendo. Vijana wote ishirini walikuwa wanasikiliza. Pascoe aliona akikubali atakuwa amekiri mbele yao kwamba amezeeka. Akasema hapakuwa na makubaliano yoyote.

Mkuki kwa nguruwe. Glenys alivaa glavu zake.

Vijana walicheza vizuri mchana ule, na wawili wakapata kazi. Pascoe hakufukuzwa, alirudi baada ya miezi miwili akitembelea mkongojo, na kila alipotaka kumkaripia mtu, macho ya vijana yaliteremka yakatua kwenye kigimbi chake.

Lakini Jumamosi ile ile Glenys aliendesha gari moja kwa moja hadi kitaluni, akamkuta Carys anamwagilia, akamsimulia yote. Carys alicheka mpaka akaushikilia ukingo wa meza. Akamwambia arudie pale pa makofi, akacheka tena. Halafu kicheko kikaisha.

"Kumbe ulikuwa unaweza, Mama."

"Kuweza nini, mwanangu?"

"Kupiga unavyotaka wewe, yeye asikufanye kitu."

Kwa miaka mitatu Glenys alikuwa ameandaa majibu mengi ya neno hilo. Akayaacha yote.

"Nilimwogopa," alisema.

"Nilikutazama siku ile."

"Najua."

Mteja mmoja aliingia akiulizia miti ya limau, na Carys akaenda kumwonyesha, akivuta mguu. Glenys alibaki amesimama kati ya miche. Alijipekua moyoni kama anamwonea huruma Pascoe, hakuona hata punje. Angepewa nafasi nyingine angempigia tena, na mapema zaidi. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba siku ile aliinamisha macho, na kwa hilo hapakuwa na mtu wa kulipiziwa kisasi.

Carys aliporudi hakumwangalia. Alimsogezea toroli kwa mguu mzima.

"Kama unabaki, nisaidie kuingiza miche hii ndani. Kutakuwa na baridi kali."

Glenys akavua koti.